Umeme ukikatika siku nne, pweza wangu watasalimika vipi?

*"Shikamoo mhandisi. Nina duka la samaki na pweza hapa Lindi mjini, karibu na ufukwe. Nanunua kwa wavuvi, nagandisha, nauza kwa hoteli na kwa wachuuzi wanaopeleka Dar es Salaam. Nina friza nne za kulala za lita 400, taa na mzani. Mei 2024, siku za kimbunga Hidaya, mtaani kwetu umeme ulikaa siku nne haujarudi. Nilikodi jenereta, petroli ikaisha, barabara ilikuwa imekatika, nikatupa zaidi ya kilo 200. Sasa nataka kujikinga. Fundi mmoja anasema niweke sola ya milioni 14 nisahau umeme wa nguzoni. Mume wangu anasema tununue jenereta ya dizeli ya kVA 10, yaishe. Kaka yangu anasema nisubiri, maana sisi ndio wenye gesi, umeme utatulia tu. Nani yuko sahihi? Na haya mambo ya vimbunga yataendelea?"*

Marahaba, dada yangu, na pole sana. Kilo 200 ulizotupa ulikuwa umeshawalipa wavuvi, kwa hiyo naelewa kwa nini unataka kununua kitu leo kabla ya kesho. Nakuomba usubiri wiki moja, na hapa chini utaona sababu yake.

Kama nimekusoma vizuri, umeme kukatika saa mbili au tatu haukusumbui, umeshauzoea. Unachoogopa ni zile siku tatu nne ambazo umeme hakuna, mafuta hayapatikani, barabara haipitiki na jua halionekani, vyote kwa mpigo mmoja. Washauri wako watatu wote wana nia njema, ila kila mmoja amejibu swali dogo kuliko hilo.

Nianze na kaka yako. Ni kweli gesi ni yetu: ya Songo Songo iligunduliwa 1974 na bomba linaipeleka Dar es Salaam tangu 2004, ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982 na bomba linaipeleka huko tangu 2015. Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi ziliwashwa na kituo cha gesi kilichoko Mtwara, nje kabisa ya gridi ya Taifa. Lakini gesi haifiki dukani kwako. Kinachofika ni waya uliobebwa na nguzo, unaopita katikati ya minazi, mikorosho na mabonde yanayojaa maji. Mnazi mmoja ukiangukia waya huo, gesi iliyojaa chini ya bahari haikusaidii kitu mpaka mafundi wafike, na mafundi nao wanapita barabara ileile iliyokatika. Umeme wa nguzoni utaendelea kuwa ndio wa bei nafuu kwako siku nyingi za mwaka, kwa hiyo usiuache. Ila usiuwekee mtaji wako wote.

Kuhusu vimbunga, nakujibu kwa uangalifu kwa sababu watu wetu hutishwa au kuliwazwa kupita kiasi. Kimbunga hula joto la bahari, na hupata mzunguko wake kutokana na dunia yenyewe kuzunguka. Karibu na ikweta nguvu hiyo ya kuzungusha ni ndogo mno, ndiyo maana Tanga na Mombasa hawavijui sana. Sisi tuko nyuzi 10 kusini, pembezoni mwa njia yao. Wazee wa Lindi walisimuliana kimbunga cha Aprili 1952 kilichoupiga mji huu. Aprili 2019 Kenneth kilipita jirani kabisa, kikaangukia Cabo Delgado ng'ambo ya Ruvuma. Mei 2024 Hidaya kikafika mpaka Mafia, na mvua zake ndizo zilizokata barabara ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga. Sitakwambia vitakuja kila mwaka. Ninachokwambia ni kwamba bahari inazidi kupata joto, na kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka hewa hubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Mvua ya dhoruba ijayo ina maji mengi zaidi ya kumwaga kuliko ile ya babu zetu. Kwa biashara yako maana yake ni makalavati, nguzo na mafuta.

Na kuna upande wa pili usiopigiwa kelele. Joto la kila siku nalo linakula umeme wako. Friza haitengenezi ubaridi, inahamisha joto kutoka ndani kulitupa nje kupitia koili. Nje kukiwa na joto kali, joto hilo halitaki kutoka, kompresa inazunguka muda mrefu zaidi, Luku inakwisha haraka na mota inachakaa. Nimeingia maduka mengi ya samaki ukanda huu nikakuta friza zimebanwa ukutani, koili zimefunikwa vumbi na magunia, na mlango wa nyuma umefungwa. Sogeza kila friza iache nafasi ya shibiri moja na ukuta, futa koili kila mwezi, badilisha mpira wa mfuniko uliolegea. Upime hivi: weka noti kwenye ukingo, funga mfuniko, vuta. Noti ikitoka bila kukaza, ubaridi wako unavuja hapo usiku kucha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote. Wewe hauzi umeme, unauza ubaridi. Kuhifadhi umeme ni ghali, kuhifadhi ubaridi ni rahisi. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya joto la kilojuli 334. Kilo 100 hunyonya joto la kama uniti 9 za umeme, yaani kilowati-saa 9. Ukitaka friza ifanye kazi hiyohiyo kwa umeme wa betri, unahitaji betri ya lithiamu ya uniti 5 hivi, na bei yake unaijua. Barafu ni maji na chupa tupu.

Lakini barafu ya maji matupu ina kasoro kwa mwenye friza. Inayeyuka kwenye nyuzi 0, wakati samaki aliyegandishwa huanza kulainika kwenye nyuzi 1 au 2 chini ya sifuri. Barafu yako itakapoanza kufanya kazi, pweza ameshalegea. Dawa yake ni chumvi, na Lindi hatukosi chumvi. Chukua chupa za lita moja na nusu za maji ya kunywa, tia gramu 100 za chumvi kwa kila lita ya maji, koroga mpaka iyeyuke, jaza chupa lakini acha nafasi juu kwa sababu maji yakiganda hutanuka. Maji hayo hayamalizi kuyeyuka mpaka yafike kama nyuzi 6 chini ya sifuri. Panga chupa chini, pembeni na juu ya mzigo, kilo 20 kwa kila friza. Mikindani nilimwekea mama mmoja mpangilio huu. Siku umeme ulipokatika alifunga mfuniko kwa kamba na kuubandika karatasi kwamba atakayefungua atamlipa. Tulipofungua asubuhi ya siku ya tatu, pweza waligongana kama mawe, na chupa za chini ukizitikisa zilisikika maji kidogo tu katikati.

Friza ya kulala iliyojaa, isipofunguliwa, hukaa na ubaridi wake karibu saa 48 bila umeme. Ikiwa nusu ni kama saa 24. Chupa za chumvi zinakuongezea karibu siku nzima. Juu yake ongeza blanketi nene au magodoro ya sponji juu na pembeni mwa friza, ila uyatoe umeme ukirudi ili koili zipumue. Umeona tulipofika? Bila sola na bila jenereta, siku mbili mpaka tatu kati ya zile nne zimeshapatikana. Dhoruba ikitangazwa, hamisha mzigo wote kwenye friza tatu zijae kabisa, ya nne iache iwe ya chupa na ya kuuzia. Anayefungua kila dakika kumtafutia mteja pweza wa kilo moja anafungua hiyo moja tu.

Tuje kwenye sola ya fundi wako. Kabla ya bei, muulize swali moja: umeme wa nguzoni ukikatika mchana wa jua kali, friza zangu zitaendelea kuwaka? Watu wengi wanaamini paneli zikiwa juu ya bati umeme upo tu. Si hivyo. Zipo inveta, yaani vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli uwe kama wa nguzoni, zinazotegemea umeme wa nguzoni ndipo zifanye kazi. Ukikatika, nazo zinajizima kwa makusudi, ili zisisukume umeme kwenye waya ambao fundi wa TANESCO ameushika akijua umekufa. Nimeona nyumba ya wageni yenye paneli zimejaa paa zima, wenyewe wamekaa na mishumaa. Wewe unahitaji inveta yenye uwezo wa kujitegemea na betri, na iandikwe hivyo kwenye karatasi ya makubaliano.

Ukubwa sasa. Friza ya lita 400 kwenye joto letu, ikifunguliwa kama unavyofungua dukani, inakula kama uniti 2 kwa siku. Nne ni uniti 8, taa na mzani ni kidogo. Paneli tano za wati 550 zinaweza kukupa uniti 8 au 9 siku ya jua zuri, ukishaondoa kinachopotea kwenye joto na nyaya. Betri ya lithiamu ya uniti 5 inakuvusha usiku, kwa sababu kompresa hazizunguki muda wote na chupa zako zinasaidia. Inveta iwe ya kilowati 3 au zaidi, inayotoa wimbi safi, kwa sababu kompresa ikianza huvuta mara tano mpaka sita ya kile kilichoandikwa kwenye kibao chake, kwa kufumba na kufumbua. Zikianza nne kwa pamoja, inveta ndogo inazima. Betri za asidi ni rahisi dukani, lakini hutakiwi kuzimaliza zaidi ya nusu, na joto huzila: kila nyuzi 10 juu ya 25, umri wake hupungua kwa karibu nusu. Kwa Lindi mimi ningechanga zaidi ninunue lithiamu mara moja.

Ila siku ya kimbunga sola haitakubeba. Wingu zito linaweza kushusha mavuno mpaka uniti moja au mbili kwa siku. Kwa hiyo "usahau umeme wa nguzoni" ni kauli ya muuzaji. Sola itakupunguzia Luku mwaka mzima na kukuvusha kwenye katika-katika za kila wiki, na hiyo ni faida kubwa. Siku nne za giza zinataka kitu kingine.

Hapo ndipo mume wako ana haki, isipokuwa kwenye ukubwa. Mzigo wako wote hauzidi kilowati moja friza zikishatulia. Jenereta ya dizeli ya kVA 10 itazunguka ikiwa karibu tupu, na injini ya dizeli isiyopewa mzigo haipati joto la kutosha. Mafuta hayaungui yote, masizi yanajaa kwenye ekzosi na pistoni, moshi mweusi unatoka, na siku unayoihitaji kweli inagoma. Nunua ya petroli ya kVA 3 hivi. Na usiiwashe siku nzima. Friza inahitaji kurudishiwa ubaridi, haihitaji kusindikizwa. Iwashe kwa muda wa saa mbili alfajiri na muda wa saa mbili jioni, friza zikivuta kwa nguvu na betri ikijaa kwa wakati mmoja. Matumizi yatakuwa kama lita 4 mpaka 6 kwa siku. Siku tano ni lita 30, yaani dumu moja na nusu, akiba ambayo unaweza kuwa nayo kabla barabara haijakatika. Ile uliyokodi iliisha petroli kwa sababu, nadhani, ilikuwa ikinguruma mchana na usiku.

Petroli haikai milele. Ukiifungia, itumie ndani ya miezi mitatu minne kwenye pikipiki na ununue nyingine. Ihifadhi nje ya duka, kivulini, mbali na moto. Jenereta nayo iwashe kila mwezi dakika ishirini ikiwa na mzigo.

Kuna mambo mawili ya hatari ambayo siwezi kuyapita haraka. La kwanza, jenereta isiwashwe ndani ya duka wala barazani chini ya dirisha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua mtu usingizini. La pili ni ule waya wenye plagi mbili za kiume, ambao mafundi wa mtaani huuchomeka kwenye soketi ili kurudisha umeme wa jenereta ndani ya nyumba. Umeme huo hauishii ndani. Unatoka kwenye mita, unafika kwenye transfoma, na transfoma ikipewa volti 230 upande wako hutoa maelfu ya volti upande wa pili. Aliye juu ya nguzo akikutengenezea umeme wako, wewe ndiye utakayemuua. Weka chenji ova, swichi inayokulazimisha kuchagua nguzo au jenereta, kamwe si vyote viwili. Sikubali hoja ya bei kwenye hili.

Friza nyingi hazifi umeme ukiwa umekatika, hufa umeme unaporudi. Unarudi ukiwa mdogo, mota inashindwa kuanza, inavuta ampea nyingi na kuunguza nyaya zake za ndani. Kila friza iwe na gadi inayokata umeme ukiwa mdogo au mkubwa mno, na inayosubiri dakika tatu mpaka tano kabla ya kuwasha tena, ili shinikizo la gesi ndani ya kompresa lisawazike. Zipange dakika tofauti, ya kwanza tatu, ya pili nne, na kuendelea, zisianze pamoja.

Paa lako sijaliona, na hapa ndipo ninapotaka mtu wa kuja kusimama juu yake kabla hujatoa hata senti. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nne. Bati lililoshikwa na misumari kwenye boriti za mikoko zenye umri wa baba yako litaondoka na paneli zote. Paneli zifungwe kwa bolti mpaka kwenye mbao za kenchi, mbali na kingo za paa, na bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu chumvi ya bahari yetu hula bolti za kawaida mapema sana. Kama paa ni bovu, litengeneze kwanza na sola isubiri mwaka. Betri na inveta viwe juu kuliko kiuno cha mtu. Dhoruba ikikutana na bamvua, maji ya ufukweni hayaombi ruhusa.

Ukisikia Mamlaka ya Hali ya Hewa inatangaza kimbunga Bahari ya Hindi, una siku mbili tatu. Zungusha friza zifikie ubaridi wa mwisho, acha kununua mzigo mpya, jaza madumu, nunua tokeni za Luku za wiki mbili na uwe na fedha taslimu. Mei 12, 2024, wiki moja baada ya Hidaya, nyaya za intaneti za baharini zilikatika na nchi nzima ikahangaika na mtandao. Siku kama hiyo usitegemee simu kununua chochote.

Na nunua kipimajoto kimoja kwa kila friza. Umeme ukirudi, samaki mwenye chembe za barafu bado, au aliye chini ya nyuzi 4, unaweza kumgandisha tena. Jodari na vibua waliokaa na joto tupa bila kusita, hata kama hawanuki. Wanatengeneza sumu ambayo kupika hakuiondoi.

Kwako wewe mpangilio wangu ni huu: chupa, mipira ya mifuniko na gadi mwezi huu, jenereta ndogo na chenji ova kabla ya mvua za Novemba, sola baada ya paa kukaguliwa, hata kwa awamu, inveta na betri kwanza, paneli zikifuata. Wiki niliyokuomba usubiri, soma Luku kila asubuhi saa moja na uandike. Namba hizo saba zitaonyesha kama milioni 14 ni kubwa kuliko unavyohitaji. Nahisi ni hivyo.

Kazi ya nyaya mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, akuonyeshe, na apime ethi, ule waya unaokwenda ardhini, mbele yako. Usimruhusu kijana yeyote kufungua nyaya za paneli mchana. Umeme wa sola ukishika cheche hauzimiki kirahisi kama wa nyumbani. Siku ya kukabidhiwa, friza zote nne zikiwa zimejaa na zinazunguka, zima breka kubwa mwenyewe. Kaa naye kwenye kiti pale dukani mpaka kesho asubuhi ikibidi. Zikiwa bado zinazunguka, mmalizie hela yake.